Daktari wa Chumba cha Cherehani

Tangu amzike dada yake, aliyeondolewa na saratani ya matiti, mwanamke mmoja, fundi wa sare za shule, aligeuka mtu mwingine. Bia aliiacha. Vya kukaangwa akavipa talaka, kazini akawa anakwenda kwa miguu, kilo zikampungua. Wenzake katika chumba cha cherehani walimbandika jina la Daktari, maana mtu hakunywa soda kwa amani mbele yake.

Asubuhi moja, alipokuwa akioga, vidole vyake viligota kitu kigumu kwenye titi la kushoto, karibu na kwapa. Kama harage. Akapapasa tena. Kipo.

Hakumwambia mtu. Wiki ya kwanza alijidanganya ni uchovu. Ya pili akaanza kupita njia ndefu hadi nyayo zikawaka moto, na chakula akapunguza zaidi, kana kwamba uvimbe ungeona haya uondoke. Kilichomkaba hakikuwa hofu tu. Yeye aliyewahubiria wote, angewatazamaje?

Siku ya kumi na sita alishona mkono wa shati ndani nje, akafumua, akakosea vilevile. Mama Pacha, mtia vifungo aliyekaa naye meza moja miaka tisa, akanyoosha mkono akaizima cherehani.

"Daktari, una nini?"

"Sina kitu."

"Mficha maradhi kifo humuumbua, shoga. Sema."

Aliushika mkono wa mwenzake akauweka pale, juu ya blauzi. Mama Pacha akapapasa, uso ukambadilika. Kisha akachukua mkoba.

"Twende."

"Na sare hizi?"

"Watoto watavaa za zamani. Inuka."

Hospitalini walimpiga picha, wakamchoma sindano, wakatoa kinyama cha kupimwa. Akasubiri majibu siku nane. Usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu.

Siku ya tisa daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alimweleza bila kuzunguka: ni saratani, ingali changa, haijasambaa.

"Mimi sinywi," fundi alisema. "Natembea. Nakula mboga. Nimekosea wapi?"

"Hujakosea. Hayo hupunguza hatari, hayaifuti. Na wewe dada yako aliugua. Ulipaswa pia kupimwa mara kwa mara. Usiache kutembea. Mwili wenye nguvu hustahimili matibabu."

Alipasuliwa, akapigwa mionzi, akarudi kazini baada ya miezi mitano. Siku hiyo alisimama kando ya meza ya kukatia vitambaa, mashine zikanyamaza moja moja.

"Nilikuwa nawapa nusu ya maneno," akawaambia. "Nusu nyingine, ya kwenda kupimwa, niliogopa kuisikia mwenyewe."

Alhamisi iliyofuata wanawake wanne waliomba ruhusa ya kwenda hospitalini. Fundi aliwasindikiza. Mama Pacha ndiye aliyeitwa mwanzo, naye fundi akabaki kwenye benchi na mkoba wa shoga yake mapajani, akiutazama mlango.