Nukta Isiyo na Mstari

Marehemu kaka yangu Sebit hakuwa mtu wa kunyamaza, na kufa hakukumbadilisha. Tangu nianze utafiti wangu wa uzamili, nasikia mbegu zikidondoka kwenye ubao wake wa omweso, bao la huku kwetu, chumba cha pili, mchana kweupe. Ubao umefunikwa kitambaa. Mama naye anazisikia. Anapunguza sauti ya redio.

Utafiti wenyewe unahusu wasomi wanaoandika juu ya kufikiri kikompyuta, yaani kuwafundisha watoto kulivunja tatizo vipande na kulitatua hatua kwa hatua. Siku hizi dunia nzima inaandika hayo. Mimi nakusanya makala zao, programu inachora ramani: kila mwandishi ni nukta yenye jina lake, na walioandika pamoja wanaunganishwa kwa mstari. Sebit aliandika makala moja tu, jinsi alivyowafundisha watoto wa Old Kampala mambo hayo kwa omweso, bila kompyuta hata moja. Alitafuta wa kuandika naye. Nani ajisumbue na mwalimu wa msingi? Akaandika peke yake, akafa.

Nilimwahidi Mama atamwona mwanawe kwenye ramani. Kumbe programu, kabla ya kuchora, inauliza: baadhi ya nukta hazijaungana na nyingine, nizifute? Kila mtu hubonyeza ndiyo. Nami nikabonyeza, Sebit akatoweka, na kule chumbani mbegu zikamwagika zote kwa pamoja. Niliogopa, sikatai. Nikaenda kuangalia. Kitambaa kilikuwa palepale.

"Iache hivyo hivyo, bibie," msimamizi wangu, Dokta Ogwal, akaniambia nilipotaka kumrudisha Sebit. "Ramani chafu itakuangusha. Unataka kuhitimu au unataka kuomboleza?"

Nilitaka vyote viwili. Huyo bwana anauliza nini?

Siku ya kuitetea tasnifu, nikabonyeza hapana. Ukutani likatokea fundo kubwa la mistari, na pembeni nukta pweke tele, kama mchele uliomwagika. Mtahini mmoja akavua miwani.

"Hizi takataka za pembeni ulisahau kuzifuta?"

Kabla sijafungua mdomo, Mama, niliyekuwa nimemwalika, akainuka kutoka kiti cha nyuma. Nikajua nimekwisha. Akaja taratibu hadi ukutani, akayafuata majina kwa kidole mpaka akamfikia.

"Huyu si takataka," akasema. "Huyu ni Sebit, mtoto wangu."

Dokta Ogwal akainamia karatasi zake. Hapo nikasikia mbegu moja ikidondoka, mle mle ukumbini, na Mama akageuza shingo kidogo. Nilidhani sasa atarudi kukaa. Lakini kidole chake kilikuwa kimeshasogea kwenye nukta ya jirani, jina la kigeni ambalo hata kulitamka siwezi.

"Na huyu, Rukiah," akaniuliza, "kwao wanajua yuko hapa?"