Mtandao Hupona Fundi Akija

Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango wa mbele, Mama Kopi alizima simu yake, akachomeka waya wa ruta moja kwa moja kwenye kompyuta, akapima kasi ya mtandao. Mtoto wa kaka yake, aliyesomea mambo hayo, alishamwonya kwamba kipimo kimoja si ushahidi. "Pima asubuhi, mchana na jioni, shangazi," alimwambia. "Tena kwa waya, na mtu mwingine asiwe anautumia. Wakisema kosa ni lako, uwe na la kuwajibu." Basi kila kipimo alikitia nukta ya chaki ukutani, akaziunganisha nukta. Juu kulikuwa na mstari mnyoofu, ndiyo kasi aliyouziwa. Chini, karibu na sakafu, ulijikokota mstari wa kasi aliyopewa.

Akishapima, alimimina chai. Mtandao ukiwa mzito, kila kitu dukani kilikuwa kizito, kwa hiyo chai ilitoka kwenye chupa ikashuka hewani taratibu, naye alipata wasaa wa kufagia kabla haijafika kikombeni. Wateja wa kuchapa na kutoa kopi walishazoea. Walikuja na vitafunio na vitu vya kufuma. Kinyozi wa jirani alipapenda sana, maana akinyoa asubuhi na kushinda pale, jioni kidevu kilikuwa bado laini.

Nyuma ya kaunta, kwenye kiti chenye mto kando ya ruta, alikaa mama yake mzazi, ambaye wateja walimwita Bibi. Usiku walilala chumba cha nyuma, kilichotengwa na ruta kwa ukuta tu. Daktari alikuwa amesema, kwa upole, kwamba ugonjwa hautamfikisha mwisho wa mvua. Mvua zikaisha, zikarudi. Ugonjwa uliendelea kumla kama kawaida ya magonjwa, ila pale dukani ulimla kwa mwendo wa mtandao. Siku moja daktari mwenyewe alikuja kutoa kopi ya cheti.

"Shikamoo, mama. Bado tuko pamoja?"

"Marahaba, daktari. Tupo. Tunangoja ukurasa ufunguke."

Daktari alichukua kopi zake akaenda kazini.

Mama Kopi hakuwa mjinga, lakini biashara ilimjaa kichwani, na hakuuoanisha ugonjwa na mtandao. Kilichomuuma ni binti wa seremala. Binti huyo alikuja siku ya mwisho ya maombi ya chuo, amevaa nguo ya kutokea, vyeti vyake kwenye bahasha. Fomu ilifunguka nusu. Baba yake alisimama nyuma yake, vumbi la mbao likielea kutoka mabegani mwake bila kufika chini. Saa ya mwisho ikapita. Binti hakulia, alisema tu, "Mwakani, baba," na Mama Kopi akaona aibu kwa kosa lisilo lake. Akapiga moyo konde, akaipigia simu kampuni ya mtandao. Msichana mwenye sauti ya asali akamwambia fundi anakuja.

Fundi alikuwa kijana mpole mwenye viatu safi. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na alipokanyaga kizingiti tu mtandao ulipona. Chai iliyokuwa hewani ilianguka kwa mkupuo. Saa ya ukutani ilikimbilia mchana. Fundi akapima, akamgeuzia kompyuta aone.

"Kasi ni kamili, mama. Labda mashine yako."

"Kabla hujaingia haikuwa hivi."

"Wote husema hivyo," alijibu bila ubaya, akamwomba asaini kwamba amehudumiwa.

Alipotoka, kipimo kikarudi karibu na sakafu. Bibi alikuwa amekonda. Mashavu aliyokuwa nayo asubuhi hayakuwepo tena, na pete ilimchomoka kidoleni, ikashuka polepole mpaka chini. Mama Kopi alidhani ni joto. Wiki iliyofuata akalalamika tena. Fundi akaja, akausifu ukuta kwamba umechorwa vizuri, akapima, akaikuta kasi kamili. Alipoondoka, Bibi hakuweza kushika kikombe. Hapo mwanawe akaelewa. Alikaa sakafuni, akaipakata miguu ya mama yake, nayo haikuwa na uzito.

"Yule kijana ana adabu," alisema Bibi. "Ila akija nachoka."

"Sitamwita tena."

"Mwite, mwanangu. Duka ndilo linalokulisha. Mimi chumvi nimeshakula nyingi."

Mama Kopi alimpenda mama yake kuliko duka, na hakuona sababu ya kulizungukazunguka jambo hilo. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Aliendelea kupima asubuhi, mchana na jioni, ila sasa kipimo kikiwa kidogo alishukuru, na siku kasi ilipopanda yenyewe alikaa kando ya kiti mpaka ishuke.

Kampuni ilipoona kimya, ilipiga yenyewe.

"Hujalalamika siku nyingi, mama," alisema yule msichana. "Tuandike umeridhika?"

Bibi alikuwa katikati ya mwayo ulioanza kabla ya chakula cha mchana. Mama Kopi alimtazama.

"Andika," alisema.

Wakaandika kwa herufi kubwa, kwenye bango lenye picha ya duka, wakalitundika ng'ambo ya barabara. Tangu hapo, kila aliyekwenda kulalamika alionyeshwa bango na kuulizwa kwa nini yeye tu.

Seremala naye alionyeshwa. Alikuwa ameweka mtandao kwenye karakana yake kwa ajili ya binti, ukamfanyia yaleyale, na siku ya mwisho ya maombi ilikuwa imerudi. Aliingia dukani na mwanawe, akaegemea kaunta.

"Kumbe umeridhika, Mama Kopi."

Mama Kopi aliendelea kupanga karatasi.

"Fundi akija hapa fomu inapita," alisema seremala. "Nasikia inapita."

"Inapita," alisema Mama Kopi. "Ila kila akija, mama hupungua."

Alisukuma simu katikati ya kaunta, akaondoa mkono. Seremala aliitazama. Binti hakuitazama. Alizunguka kaunta, akapiga goti mbele ya kiti.

"Shikamoo, bibi."

Marahaba ilichukua muda kumfikia, naye aliingoja. Kisha akavuta viti viwili, akamwekea baba yake kimoja.

"Kaa, baba," alisema. "Bado anapumua."

Seremala akakaa.