Kipaimara Baada ya Mazishi

Mtu akitengeneza kitu cha kutafuta watu, wa kwanza kumtafuta ni yeye mwenyewe. Msinicheke, wote tunafanya hivyo. Ndivyo nilivyogundua, Jumanne moja ya Julai, saa nne asubuhi, ofisini kwetu Themi, kwamba nilizikwa mwaka 1989.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida. Mteja wetu ana mfumo mkubwa wa kutunza nyaraka, na humo vitabu vya parokia kadhaa vimeshapigwa skani: ubatizo, kipaimara, ndoa, vifo. Ila mfumo haukujua kwamba mtoto wa kitabu hiki ndiye bibi harusi wa kitabu kile. Nikaandika plagini, yaani kipande cha programu cha kuchomeka juu ya mfumo, cha kumkusanya kila mtu kwenye kadi moja kwa jina lake, la baba na la mama. Nikaweka na kanuni moja: mtu hapati sakramenti akiwa ameshazikwa. Ikitokea hivyo kadi inakuwa nyekundu, na lazima mtu aiamue kwa mkono.

Kadi yangu ikaja nyekundu. Kandida, binti wa Ndesanjo na Violet. Ubatizo 1986. Mazishi Mei 1989. Kipaimara 2001. Ndoa 2015.

Nikamlaumu Twahir, kama kawaida. Twahir ndiye aliyeingiza data, na tunakaa meza moja.

"Usinisingizie, dada Kandida," akasema. "Picha ya ukurasa hiyo hapo, isome mwenyewe."

Nikaisoma. Mwandiko wa padre, wino wa bluu: mtoto wa miaka mitatu, surua. Majina ya wazazi wangu yameandikwa bila kosa hata moja. Na chini ya kadi yangu kulikuwa na kadi nyingine. Agnela, binti wa Ndesanjo na Violet, ubatizo Desemba 1987. Baada ya hapo hakuna kitu. Hana kipaimara, hana ndoa, hana kifo.

"Huyu mdogo wako?" Twahir akauliza.

Mimi ni mtoto wa pekee. Nimeambiwa hivyo tangu napata akili. Niliogopa, nasema kweli, na sikuogopa mzimu. Niliogopa kwenda kumuuliza mama.

Plagini ilikuwa ianze kutumika Ijumaa, na hakuna kadi nyekundu iliyotakiwa kubaki. Kwa kadi yangu kulikuwa na njia mbili tu. Nifute mazishi, niseme padre alikosea, niendelee kuwa Kandida. Au Kandida abaki kaburini, na kipaimara na ndoa yangu zihamie kwa Agnela.

Jumatano mchana nikapanda kwenda Sekei kwa mama. Kulikuwa na baridi ile ya Julai, mlima Meru hauonekani, na mama amejifunga khanga juu ya sweta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Kandida. Mbona mapema, wamekufukuza kazi?"

Nikampa simu yenye picha ya ule ukurasa. Akavaa miwani, akasoma, akaivua. Maziwa yaliyokuwa jikoni yakafurika, na hakuna aliyeinuka.

"Bibi yako mzaa baba alikuwa anaumwa," akasema. "Ameshapofuka. Yule mtoto alibeba jina lake. Baba yako akasema hawezi kwenda kumwambia mama yake kwamba Kandida amekufa. Basi tukakupeleka wewe. Bibi akakupakata, akakupima kwa mikono. Akauliza, mbona amekuwa mwepesi hivi? Baba yako akasema alikuwa anaumwa, sasa amepona."

"Na baadaye?"

"Tulijua bibi hamalizi mwezi. Akaishi miaka kumi na mmoja."

Ningecheka kama habari hiyo ingekuwa ya mtu mwingine. Nikiwa na miaka mitano walinipeleka darasa la kwanza na cheti cha marehemu. Ndiyo maana nilikuwa mdogo kuliko wote, na mwalimu akidhani nimedumaa.

"Mama, uliwahi kuniita Agnela?"

"Ukiwa umelala," akasema. "Kila mchana ulipolala nilikaa pembeni nikikuita polepole, usije ukalisahau. Siku moja, uko darasa la pili, ukaitika. Ukafungua macho ukaniuliza Agnela ni nani. Nikakwambia mtoto wa jirani, wamehama."

Kisha akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Usimwandike kwamba amekufa. Mimi sijawahi kutamka neno hilo mpaka leo. Nimemwita kila siku na kila siku ameitika. Ukimwandika, nitakuwa nimemwita nani?"

"Na mimi je, mama?" Nilikuwa nimekasirika. "Mimi umeniita lini?"

Alichukua kitambaa akaanza kufuta meza iliyokuwa safi. Niliondoka bila kunywa chai.

Alhamisi nikafungua tena kadi yangu. Kufuta mazishi kulikuwa ni kubofya mara moja tu, na mama angelala kwa amani. Lakini mtoto wa miaka mitatu alikufa kwa surua, na duniani kote ushahidi wake ulikuwa mstari mmoja wa wino. Kitufe cha kuufuta nilikitengeneza mimi. Sikuweza. Nikahamisha kipaimara, nikahamisha ndoa, nikahifadhi. Wekundu ukaondoka.

Nikampigia simu.

"Mama, nimemwandika."

Akauliza, "Saa ngapi?"

"Sasa hivi."

Mama akaangua kilio. Kilikuwa kilio cha msiba, kile cha mtu aliyeletewa habari mlangoni, na ofisi nzima ikakisikia kupitia simu. "Kandida! Kandida mwanangu!" Kwa mazoea nikafungua mdomo kuitika. Nikaufunga.

Twahir alikuwa ameshasimama.

"Pole, dada. Nani amefariki?"

"Kandida," nikamwambia.