Bao la Lupakisyo

Lupakisyo alitoka kwao Karonga, Nyasalandi, akiwa kijana, aje akate mkonge msimu mmoja tu kisha arudi. Msimu huo mmoja ukamkuta nyapara katika shamba moja nje ya Kilosa, ana mke Mvidunda, mwenyeji wa hapo, aitwaye Domina, ana watoto na mvi. Bado alikuwa anarudi. Kila akila aliwakumbusha watu kwamba wali wa Tindiga, bonde la mpunga la hapo Kilosa, haufiki popote kwa mchele wa Karonga, na kwamba hata mbu wa kwao wana adabu. Alipokwenda Karonga kumzika mama yake, alishinda akiwasimulia ndugu zake jinsi kwao Kilosa kulivyo na treni.

Sikukuu ya kuzaliwa kwa Mfalme wa Uingereza, meneja wa shamba akaandaa mechi: manamba wa Kinyasa na vijana wa Kilosa.

"Refa awe Lupakisyo," akasema. "Yeye ni mtu wa pande zote mbili."

Lilikuwa wazo la mtu ambaye hajawahi kuwa na wakwe.

Asubuhi ya mechi, Ulimboka, nahodha wa Wanyasa, aliyezaliwa kijiji kimoja na Lupakisyo, akapita nyumbani. "Kaka, leo tunakutegemea."

Hajafika mbali, akaingia Makarius, kaka yake Domina, mshambuliaji wa Kilosa. "Shemeji, hatuombi upendeleo. Ila kumbuka umeoa wapi."

Lupakisyo akawaahidi wote haki. Wakaondoka wameridhika, maana kila mmoja aliielewa haki kwa namna yake.

Akachezesha kama mtu anayegawa nyama msibani: faulo huku, faulo kule. Mechi ikielekea kwisha bila bao, Makarius akapiga shuti lililokuwa likienda zake porini. Lupakisyo, aliyekuwa akikimbia kujiweka katikati, akalipokea kwa mgongo. Mpira ukageuka, ukapita kati ya milingoti ya Wanyasa.

Wachezaji wote wakamgeukia refa. Kwa sheria, mpira ukimgonga refa ukaingia, ni bao. Lupakisyo aliijua sheria hiyo, na alijua pia kwamba hapo hakuna mwingine anayeijua. Akamtazama Ulimboka, akamtazama Makarius. Kisha akapuliza filimbi, akaonyesha kati: bao.

Wakwe wakambeba juujuu. Baba mkwe, ambaye tangu posa alimwita "yule Mnyasa", siku hiyo alimwita "mwanangu". Lupakisyo akacheka, halafu akaona aibu kwa jinsi alivyocheka kwa raha.

Kesho yake akachukua jogoo, akaenda kwa Ulimboka. Akamsalimu kwa Kingonde, lugha ya kwao Karonga. Ulimboka akamjibu kwa Kiswahili, tena cha kistaarabu kabisa:

"Karibu, mwenyeji. Habari za hapa kwenu?"

Jogoo akapokelewa. Lupakisyo akarudi nyumbani, akakataa chakula.

"Baba Raheli, si ulitenda haki?" Domina akauliza.

"Nilitenda."

"Basi unalia nini?"

"Wamenijibu kwa Kiswahili."

Domina alikuwa na mzaha tayari mdomoni. Akaumeza, akakaa karibu naye.

Mwaka uliofuata Lupakisyo aliacha unyapara, akapewa na baba mkwe shamba la mpunga kule Tindiga. Akajenga nyumba, mlango akauelekeza kusini, Nyasa iliko, ingawa kila mtu alimwonya kwamba mvua hupiga kutokea huko. Ikapiga kweli. Masika nzima mke na mume walikuwa wakichota maji sebuleni, na yeye mlango hakuugeuza.