Mkono wa Kujaribia Mashine

Mtaani kwetu huniita Mama Presha, na jina lenyewe nalipenda, nisiwe mnafiki. Zahanati iko mbali, na wengi hapa hawaendi mpaka wabebwe. Ndiyo maana miezi mitatu iliyopita nilipewa mafunzo, daftari na mashine ya kupimia presha, niwafuate watu majumbani. Nyumba arobaini na mbili. Sijaruka hata moja, na anayebisha aje tufungue daftari.

Mashine tu ndiyo niliyoiona ina kasoro. Kila asubuhi kabla sijatoka, niliijaribu kwa mama mkwe, ambaye tunakaa naye. Ananyoosha mkono palepale jikoni, namfunga kile kitambaa, nabonyeza. Mia na themanini kwa mia na kumi. Nikifika kwa jirani, fundi cherehani, inasoma vizuri kabisa. Nikajiambia basi, hii mashine inaamka na hasira kama mume wangu, ikishapata moto inatulia. Namba za asubuhi sikuziandika popote. Mama akilalamika kwamba kichwa kinamgonga na macho yanaona ukungu, nilimwambia apunguze kuinamia moshi.

Jumatatu nilipeleka ripoti zahanati, nikamwambia nesi mashine yangu inataka fundi. Nesi si mtu wa maneno mengi. Alijipima mwenyewe, akanipima mimi, akamwita mlinzi naye akampima. Wote tuko sawa. Akaniuliza asubuhi huwa naijaribu kwa nani. Nikamjibu kwamba ni kwa mama mkwe.

"Mashine ni nzima," akasema. "Mlete huyo mama. Leo hii, si kesho."

Nilirudi nusu natembea, nusu nakimbia. Niliona aibu, lakini woga ulizidi. Nilikuwa nimezunguka milango ya watu nikiwasihi wasipuuze kichwa kinachouma, na nyumba yangu haimo hata kwenye daftari, kwa sababu hesabu nilianzia kwa jirani. Niliomba nimkute amesimama.

Nilimkuta amekaa anachambua mchele. Nikapiga magoti nikamweleza yote: kwamba siku zote hizo sikuwa nampima yeye, nilikuwa najaribu mashine, na kwamba namba zake zilikuwa mbaya tangu siku ya kwanza. Kisha nikangoja anishukie, maana mama huyu ana mdomo, na safari hii nilistahili.

Hakunishukia. Aliweka ungo chini, akaushika mkono wake wa kushoto pale ninapofunga kitambaa.

"Mwezi jana wifi yako alitaka kunipeleka zahanati," akasema taratibu. "Nikamkatalia. Nikamwambia asihangaike, mkwe wangu ananipima kila siku."

Niliinuka, nikamtafutia viatu.