Walinzi wa Kichwa cha Wenceslaus

Bernadeta alikuwa akikoroga uji wa ulezi alipomtegea mumewe kitendawili cha asubuhi. Ndiyo ilikuwa kawaida yao. Zamani Wenceslaus akishindwa, alimpa mkewe mji bila choyo: leo Kaliua, kesho Tabora nzima na stesheni yake. Lakini tangu operesheni ya vijiji iwapakie kwenye lori na kuwashusha msituni, mbele ya Usinge, kwenye mbung'o wengi kuliko watu, majibu yalikuwa yakichelewa.

"Kitendawili."

"Tega," alisema Wenceslaus, uji ulipokwisha kuiva.

"Nyumba yangu haina mlango."

Alikuwa ameshalala, kijiko mdomoni.

Mlinzi mmoja akatoka sikioni mwake, mrefu kama njiti ya kiberiti, masizi usoni, kitambaa chekundu mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mko wangapi humo?"

"Usituhesabu. Tutaongezeka kabla hujamaliza."

Bernadeta akamdondoshea uji kwenye kifuniko. Mlinzi akanywa, akaeleza. Wageni waliingia na mate ya mbung'o, nao walinzi wakawasha moto kuwafukuza. Kila anayewasha hufunga kitambaa chekundu, na jirani akikiona, naye hufunga, huwasha. Wenye nyumba, wale wanaomkumbushia Wenceslaus majina na njia, walipiga yowe kwa moshi. Walinzi wakisikia yowe, huongeza kuni.

"Na wageni?"

"Wamejificha. Kinachoungua ni nyumba."

"Hamna wa kuwaambia imetosha?"

"Alikuwepo mzee wa kutuvua vitambaa. Nyumba yake ndiyo ilitangulia kuungua."

Bernadeta akamtia ndani ya kiberiti, akaenda naye kwenye mkutano wa kijiji. Bila barua ya mwenyekiti hakuna aliyetoka kijijini, hata kwenda hospitali. Na Mwenyekiti Yahaya alikwisha kumwandika Wenceslaus kuwa mvivu, kupe wa jasho la wenzake, kwa siku kumi na moja za kulala wengine wakilima shamba la kijiji.

Mwenyekiti alivaa miwani, akamsikiliza mlinzi mpaka mwisho.

"Ndugu mlinzi, mnafanya kazi saa ngapi?"

"Usiku na mchana."

"Kwa pamoja?"

"Akiwasha mmoja, tunawasha wote."

"Mmesikia?" Mwenyekiti aligeukia watu. "Kichwa cha mvivu kina wachapakazi kuliko kamati yangu nzima! Huo ndio ujamaa."

Watu wakapiga makofi. Mzee Dionis, mrina asali, hakupiga.

"Mwenyekiti, huyo anakwambia mwenzetu anaungua. Ni malale, ugonjwa wa mbung'o. Tulisema kabla ya lori, msitu huu haukaliki."

"Mzee wangu, asali imekulevya? Amri ya kuja ilitoka juu. Ya kurudi haijatoka."

"Basi mpe mama huyu barua, awahi treni."

Mwenyekiti akafikiri. Kisha akaamuru walinzi waandikwe wanakijiji, na kazi yao ihesabiwe kuwa zamu za Wenceslaus. Jina la kupe likafutwa palepale.

"Umefurahi, mama? Mumeo hana kosa tena."

"Na barua?"

"Barua ya nini? Mtu anafanya kazi usiku na mchana, utasema mgonjwa?"

Bernadeta akarudi na kiberiti chake.

Wiki ile Mzee Dionis alikutwa amesinzia chini ya mzinga, nyuki wakimtembea ndevuni. Lori likashusha familia nyingine kumi, na mwenyekiti akazionyesha viwanja.

Asubuhi Bernadeta akakoroga uji.

"Kitendawili."

"Tega," likajibu sikio la Wenceslaus. Mdomo wake haukutikisika.

"Nyumba yangu haina mlango."

Bernadeta akaepua sufuria.

"Basi, nipe mji."

Mlinzi akajitokeza ukingoni mwa sikio, akavua kofia.

"Hatuna wa kukupa, mama. Tabora ilibaki peke yake, nayo imeungua jana."

Bernadeta akachukua bakuli la mumewe, akaanza kuwadondoshea uji kwenye kifuniko, tone baada ya tone, maana walinzi walikuwa wameongezeka na walikuwa na njaa.