Miguu ya Nafisa

Dada yangu Nafisa hajui kusema uongo, na hilo ndilo lililomponza.

Kwa miaka sita miguu ilimnyima usingizi. Akijilaza tu inamwasha kwa ndani, lazima ainuke atembee. Mwaka huu alianza kwenda kliniki moja huko Gihosha, ambako kijana aitwaye Gaël alimbandika vijiwaya kichwani na kumkalisha mbele ya filamu. Ubongo ukitulia, picha inang'aa, ukihangaika, inafifia. Eti hivyo ndivyo kichwa kinavyofundishwa kutulia. Daktari mmoja tunayemjua aliicheka mashine hiyo. Acheke. Baada ya mara ya tisa dada alilala saa nne nzima bila kuamka, nami nikalia kwa furaha.

Kabla ya mara ya kumi mumewe akafariki. Dada akaingia eda: miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba. Kutoka mchana kwa matibabu kunaruhusiwa, lakini shemeji yetu Amur, ndugu wa marehemu, alitaka uhakika. Akampigia Shehe Uthmani, akaweka spika ili sote tusikie.

"Unaenda kufanya nini kule, mama?" Shehe aliuliza.

"Naangalia filme, Shehe."

"Filme? Na nani anakushika kichwa?"

"Kijana moja, Gaël."

"Apana, mama. Filme itangoja eda iishe."

Neno moja tu, dawa, lingetosha. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, nikafyata ulimi, maana Shehe alikuwa anazungumza na mimi ni mdogo. Adabu gani ile! Najichukia mpaka leo.

Wiki ya tatu miguu ikarudi kwa hasira. Alizunguka chumba tangu magharibi hadi alfajiri, na wanawake waliokuja kuhani walifuta machozi: tazameni mke alivyompenda mumewe. Kweli alimpenda, lakini yale hayakuwa mapenzi.

Jana jioni alinipa leso mbili.

"Nifunge ku kitanda, Nura. Nimechoka."

Nikamfunga. Nyumba ikanyamaza kwa mara ya kwanza. Amur alikuwa akipita nje ya mlango, akasimama.

"Alhamdulilahi," alisema. "Mungu amemupa subira."

"Amina, shemeji," nilijibu.

Dada alinitazama, mapaja yakimtetemeka chini ya leso.

"Kaza tena," akasema.